Si Marudio

Saa tisa alasiri, Oulu, na giza limeshajaa dirishani.
Nimevua glavu, nimechemsha maji,
nimeiambia kompyuta: leo ni leo.
Miezi kumi na minne sijagusa hesabu.
Benki imenipa faili, jina lake tarakimu tupu,
nami nalipeleka kwenye programu
kama mtu anayempeleka mtoto mgeni darasani:
huyu hapa, mpokeeni, msimcheke.

Wakamcheka.
Programu imezaliwa nchi ya nukta,
benki yangu inaongea koma.
Pensheni yangu, elfu moja mia nne na kitu,
ikasomeka yuro moja na senti arobaini na moja,
na fundi wa paa, aliyenikamua elfu mbili,
akawa amelipwa bei ya pipi.
Kwa dakika tano nilikuwa fukara asiyedaiwa na mtu.
Niseme kweli, haikuwa hali mbaya.

Nikasahihisha koma. Zikaja tarehe:
tatu Aprili ikahamia nne Machi,
nikaonekana nanunua matairi ya kiangazi
theluji ikiwa magotini.
Safu ya tatu nikaiita Mlipwaji, ya nne Kiasi,
ya saba sijui ni nini. Nikaiambia, wewe kaa kando.
Miaka thelathini na mmoja nilitunza ghala la vipuri vya matrekta;
najua kitu kisicho na lebo hakipotei,
kinangoja tu.

Miamala mia tisa na sita, imeingia.
Salio la benki. Salio la programu.
Tofauti: yuro mbili na senti sabini.

Mwingine angepuuza, akalala.
Mali bila daftari hupotea bila habari, husemwa;
yangu ina daftari, na imepotea vilevile.
Nikashuka mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini:
umeme, mbegu za ndege, dawa, umeme,
saluni ya Tuulikki,
maktaba (faini, aibu yangu),
dizeli, dizeli, dizeli,
zile kilomita themanini za kila siku
kwenda hospitalini na kurudi.

Saa mbili usiku nikaipata.
Chini kabisa, kwa herufi za kijivu,
kama karani anayenong'ona ili asiulizwe:
"Muamala mmoja umerudiwa. Umeondolewa."

Kumi na tisa Februari. Kioski cha hospitali.
Mbili na sabini.
Mbili na sabini.
Siilaumu programu. Kwa macho yake
mstari ni mstari, na pacha ni kosa.

Lakini kahawa ya kwanza niliinywa mimi,
nimesimama kando ya mashine ya tiketi za maegesho,
sijavua hata kofia.
Nikapanda. Daktari yule kijana akatoka akasema
Urho anaweza kunywa kitu leo, kidogo,
nami nikashuka tena, kwa ngazi, sikungoja lifti,
kadi bado mkononi.
Alikunywa nusu. Akasema ni chungu kama deni.
Akasema, dada, safari ijayo lete na mkate wa iliki.

Nimekagua Februari hadi mwisho, na Machi yote.
Mkate wa iliki haumo.

Nikabofya: si marudio.
Mstari ukarudi mahali pake, chini ya mwenzake.
Programu, mdadisi huyu, ikataka kujua niuweke kundi gani:
Chakula? Afya? Zawadi? Mengineyo?
Nimepaacha wazi.

Tofauti: sifuri.
Maji niliyochemsha yamepoa.
Nachemsha tena.